Waliulizwa Lini? Mazungumzo Kuhusu Sahara Magharibi

Mazungumzo haya yalitolewa Arusha mbele ya walimu na wanafunzi wa jiografia. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Ramani zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu walimu, wanafunzi, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi nyie wa nyuma mliosimama kwa sababu viti havikutosha.

Nimeombwa niongee kuhusu sehemu ambayo wote mmeiona kwenye ramani ya Afrika iliyobandikwa darasani. Iko kule juu kushoto, imezungushiwa mistari ya nukta nukta, au imepakwa rangi ya kijivu, au haikupakwa rangi kabisa. Mwanafunzi akinyoosha kidole, "Mwalimu, hii ni nchi gani?", mwalimu anajibu, "Hiyo achana nayo, haitoki kwenye mtihani." Mnacheka, lakini ndivyo ilivyo. Basi leo imetoka.

Hiyo ni Sahara Magharibi. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 266,000, yaani inaizidi Uganda. Uganda ina watu zaidi ya milioni 45. Huko kote kuna watu wapatao 600,000. Kaskazini imepakana na Moroko, kusini na mashariki na Mauritania, na kwenye kona moja inagusana kidogo na Aljeria. Magharibi ni Bahari ya Atlantiki. Umoja wa Mataifa uliiingiza kwenye orodha ya maeneo yasiyojitawala mwaka 1963, na mpaka leo bado imo. Katika yote yaliyobaki kwenye orodha hiyo, hakuna lililo kubwa kama hilo. Sehemu kubwa ya nchi, pamoja na miji yote na pwani karibu yote, iko mikononi mwa Moroko. Ukanda wa mashariki unashikiliwa na Polisario, chama cha ukombozi cha Wasahrawi, ambacho mwaka 1976 kilitangaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kiarabu ya Sahara.

Nitaanza na ardhi, maana nyie ni watu wa jiografia na nisipoanza na ardhi mtanidai. Ila niwaambie mapema ninakoelekea. Kila mtakaponisikia nataja mkataba, mpaka, mgodi au meli, jiulizeni swali moja: wenyewe waliulizwa lini?

Haya, ardhi. Mtu akisikia jangwa anaona matuta ya mchanga na msafara wa ngamia. Matuta yapo, ngamia wapo, lakini sehemu kubwa ni uwanda wa mawe na changarawe uliolala hadi macho yachoke. Mvua, sehemu nyingi, haifiki milimita 50 kwa mwaka. Hakuna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Saguia el-Hamra, bonde kubwa la kaskazini, hupata maji siku chache baada ya mvua, halafu basi, mpaka Mungu apende tena.

Sasa geukeni mtazame baharini. Pwani ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,100, na maji yake ni baridi. Mkondo wa Kanari unashuka kutoka kaskazini. Pepo zinavuma kuifuata pwani karibu mwaka mzima, zinayasukuma maji ya juu yaende mbali na nchi kavu, na maji ya chini kabisa, ya baridi na yenye rutuba, yanapanda kuziba nafasi. Hapo ndipo chakula cha samaki kinapozaliwa. Sadini kwa wingi, pweza kwa wingi. Eneo lile ni miongoni mwa maeneo yenye samaki wengi zaidi duniani. Na maji hayohayo baridi yanachangia kuikausha nchi kavu, kwa sababu hewa iliyo juu yake inapoa na kutuama, haipandi ikawa mawingu ya mvua. Unapata ukungu na umande, mvua hupati. Kwa hiyo, walimu, jangwa lile na samaki wale ni watoto wa baba mmoja. Mfundisheni mwanafunzi hivyo, hatasahau.

Kwenye pwani hiyo kuna Rasi Bojador. Mabaharia wa Ureno waliiogopa kwa miaka mingi: ukungu, maji ya kina kifupi hadi mbali na ufukwe, na upepo unaokupeleka kusini bila kuahidi kukurudisha. Mwaka 1434 nahodha mmoja, Gil Eanes, akaipita na akarudi salama. Mnaona hiyo njia inaelekea wapi? Mwaka 1498 Vasco da Gama yuko Mombasa na Malindi. Mwaka 1505 Kilwa inatekwa na Mombasa inachomwa moto. Kwa hiyo mtu wa mwambao wetu asiseme Bojador haimhusu.

Hispania ilijitangazia ulinzi wa pwani ile mwaka 1884, wakati Wazungu wanajiandaa kukaa Berlin. Mipaka ya ndani wakaipanga Hispania na Ufaransa, kwa rula. Ukiona mstari wa mpaka umenyooka hivyo juu ya jangwa, ujue aliyeuchora hakuwa na ngamia. Wenyewe waliulizwa lini? Hapo hata hatuhitaji kujibu.

Na wenyewe ni nani? Ni Wasahrawi, wafugaji wa kuhamahama, mchanganyiko wa Waarabu wa Beni Hassan na Waberiberi wa Sanhaja walioishi pale kabla yao, pamoja na watu wenye asili ya kusini mwa Sahara, ambao mababu zao wengi walikuwa watumwa. Hilo la mwisho wazungumzaji wengi hulikwepa, mimi nalitaja. Lugha yao ni Kiarabu cha Hassaniya, ile inayozungumzwa Mauritania. Kuna makabila kama Reguibat, Oulad Delim, Tekna na Oulad Tidrarin. Hawakuwa na mfalme wao. Mambo makubwa yalikwenda kwenye baraza la wazee waliloliita baraza la arobaini. Mali yao ilikuwa ngamia na mbuzi, na ramani yao ilikuwa mvua: imenyesha wapi, majani yataota wapi, kisima gani bado kina maji. Mwanamke huvaa melhfa, kitambaa kimoja kirefu chembamba anachojizungushia kuanzia kichwani hadi miguuni, na hema lilikuwa mali yake. Na kwa kuwa mkoloni wao alikuwa Mhispania, wengi wao, hasa kambini, wanajua Kihispania. Ukimkuta mzee amejifunga kilemba, anakumiminia chai kutoka juu mpaka itoe povu, halafu anakuongelesha Kihispania safi, usishangae.

Mwaka 1974 Hispania ilifanya sensa. Ikahesabu Wasahrawi wapatao 74,000. Shikeni namba hiyo, itarudi na itawaumiza kichwa.

Mwaka 1975 ndio mwaka wenyewe, kwa hiyo tutembee taratibu. Hispania ilikuwa imeahidi kura ya maoni. Polisario ilikuwa imeanzishwa mwezi Mei 1973 na vijana wachache, kiongozi wao El-Ouali Mustapha Sayed akiwa na miaka ya ishirini tu. Mwezi Mei na Juni 1975 ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ukiongozwa na Simeon Aké wa Ivory Coast, ukazunguka nchi. Ukaripoti kwamba karibu kila waliyekutana naye ndani ya eneo lile alitaka uhuru, na alipinga madai ya Moroko na ya Mauritania. Moroko nayo ilikuwa na hoja yake, na tuiseme kwa haki: ilidai kwamba kabla ya Hispania, makabila ya pale yalikuwa yakitoa kiapo cha utii kwa Sultani. Ikaomba suala lipelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tarehe 16 Oktoba 1975 mahakama ikatoa maoni yake: ni kweli, baadhi ya makabila yalikuwa na uhusiano wa utii na Sultani, lakini uhusiano huo haufikii umiliki wa nchi, na hauondoi haki ya watu wa pale kujiamulia.

Siku hiyohiyo, Mfalme Hassan II akatangaza maandamano. Akasema mahakama imempa haki. Tarehe 6 Novemba watu wapatao 350,000, wameshika Kurani na bendera, wakavuka mpaka kwa miguu. Yakaitwa Maandamano ya Kijani. Hispania ilikuwa na mtawala wake, Jenerali Franco, kitandani anakata roho. Tarehe 14 Novemba ikasaini Madrid makubaliano ya kuwaachia utawala Moroko na Mauritania. Franco akafa tarehe 20. Sasa niambieni: mahakama imeulizwa, mfalme ameamua, Madrid wamesaini. Wenyewe waliulizwa lini?

Wenyewe walikuwa wanakimbia. Maelfu walielekea mashariki, wakashambuliwa kwa ndege njiani, wakavuka kuingia Aljeria, karibu na mji wa Tindouf. Vita ikaanza. Mauritania haikuiweza, treni yake ya kubeba madini ya chuma ilishambuliwa mara kwa mara, mwaka 1978 jeshi likapindua serikali, mwaka 1979 ikajitoa. Kipande chake Moroko ikakichukua pia.

Kisha, kuanzia mwaka 1980, Moroko ikajenga ukuta. Ni tuta refu la mchanga na mawe, lenye handaki, rada, kambi za askari na mabomu ya kutegwa ardhini upande wa mbele. Likijumlishwa lina urefu wa kilomita zipatazo 2,700. Ondokeni Dar es Salaam kwa barabara mpaka Mwanza, mrudi, na bado hamjalimaliza. Na hapa watu wa jiografia ya uchumi tegeni sikio: kipande cha kwanza cha ukuta huo kiliwekwa wapi? Kilizunguka mji mkuu, El Aaiún, pamoja na Smara na mgodi wa Bou Craa. Fosfeti ililindwa kwanza. Nchi iliyobaki ikafuata kipande kwa kipande hadi 1987.

Upande wa pili wa ukuta, mbali, kwenye uwanda wa mawe wa Tindouf, ziko kambi. Tunaoijua Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, tunadhani tunajua ukimbizi wa muda mrefu. Hawa wamekaa tangu 1975 na 1976. Umoja wa Mataifa mwaka 2018 ulikadiria wakimbizi 173,600. Kila kambi imepewa jina la mji walikotoka: El Aaiún, Smara, Auserd, Dakhla, Boujdour. Kwa hiyo mtoto anazaliwa "Smara" bila kuiona Smara. Wakati wa vita wanaume walikuwa mstari wa mbele. Wanawake ndio waliojenga kambi, wakagawa chakula, wakaanzisha shule na zahanati. Joto la kiangazi linakaribia nyuzi 50. Nyumba ni za matofali ya udongo mbichi, na mwezi Oktoba 2015 mvua kubwa ikanyesha siku kadhaa mfululizo. Nyumba kwa maelfu zikayeyuka. Ndiyo, jangwani, mafuriko.

Nisije nikaonekana nimetumwa na Polisario. Chama kile kiliongozwa na mtu mmoja, Mohamed Abdelaziz, tangu 1976 mpaka alipofariki 2016. Kambini chama na serikali ni kitu kimoja, na anayetaka njia nyingine hana jukwaa kubwa. Na upande wa Moroko kuna Wasahrawi wanaogombea ubunge na umeya na wanaounga mkono utawala wa ndani chini ya mfalme. Wapo. Hoja yangu ni kwamba hakuna anayejua ni wangapi huku na wangapi kule, kwa sababu kura haijapigwa.

Kwa nini haijapigwa? Twende kwenye ile namba ya 1974. Tarehe 6 Septemba 1991 vita ilisimama. Umoja wa Mataifa ukapeleka ujumbe wake, MINURSO, na kura ya maoni ikapangwa kufanyika Januari 1992: uhuru au kuungana na Moroko. Swali likawa nani apige kura. Polisario ikasema waliohesabiwa 1974 na watoto wao. Moroko ikasema hapana, kuna Wasahrawi wengi waliokuwa wamehamia kwetu kaskazini, nao waingie. Wote walikuwa na sababu. Mfugaji wa kuhamahama unamhesabu wapi?

Basi tume ya Umoja wa Mataifa ya kutambua wapiga kura ikaanza kazi mwaka 1994. Fikirieni picha yake. Meza. Mtumishi wa Umoja wa Mataifa na makaratasi. Pembeni, wazee wa kabila, mmoja aliyekubaliwa na upande huu na mwingine wa upande ule. Anaingia mtu. Jina? Baba? Ukoo gani? Tawi gani la ukoo? Hema la babu yako lilikuwa na akina nani? Wazee wanatikisa kichwa: huyu tunamjua, huyu hatumjui. Mzee mmoja anasema wa kwetu, mwingine anasema si wetu. Wakafanya hivyo, kwa kusimama na kuanza tena, mpaka mwisho wa 1999. Walioomba walikuwa karibu 200,000; waliokubaliwa ni zaidi ya 86,000. Wakafungua dirisha la rufaa. Zikaja rufaa zaidi ya 130,000! Kila rufaa inahitaji wale wazee wawili wakae tena mezani. Hapo kura ya maoni ikafa bila kutangaziwa msiba. James Baker, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alijaribu kuifufua kwa mpango wa 2003, Moroko ikakataa, naye akaondoka 2004. Mwaka 2007 Moroko ikaleta pendekezo lake la mamlaka ya ndani chini ya bendera yake.

Nimesema mengi ya mahakama na tume, acha niseme la mtu. Aminatou Haidar ni mwanaharakati kutoka El Aaiún aliyewahi kufungwa kwa siri na kuteswa. Novemba 2009 alirudi nyumbani kwa ndege akitokea Visiwa vya Kanari. Uwanja wa ndege unajaza fomu ndogo, mnaijua, ile ya kuingilia. Kwenye nafasi ya makazi, badala ya kuandika Moroko akaandika Sahara Magharibi. Wakamnyang'anya pasipoti, wakampandisha ndege kwenda Lanzarote, kimojawapo cha visiwa hivyohivyo, bila ridhaa yake. Akakaa pale uwanjani akagoma kula. Siku 32. Marekani ikaingia, Ufaransa ikaingia, Hispania ikahangaika, mpaka Desemba akarudishwa kwake. Yote hayo kwa kisanduku kimoja cha fomu!

Sasa mali. Mwaka 1947 mwanajiolojia wa Hispania, Manuel Alía Medina, alitambua fosfeti eneo la Bou Craa. Usafirishaji ukaanza 1972. Mgodi uko ndani, bahari iko mbali, kwa hiyo wakajenga mkanda wa kubebea mzigo wenye urefu wa karibu kilomita 100. Kutoka hapa tulipo hadi uipite Moshi, mkanda unatembea, mzigo uko juu yake. Fosfeti ya unga hupeperushwa na upepo kutoka mkandani, na kwa miaka mingi imechora utepe mweupe upande mmoja unaoonekana kwenye picha za setilaiti. Oktoba 1974, Polisario ikiwa haina hata miaka miwili, wapiganaji wake waliuhujumu mkanda huo. Walijua pa kugusa. Na Hispania, iliyosema imeondoka mwaka 1976? Ilibaki na asilimia 35 ya hisa za kampuni ya mgodi mpaka 2002.

Mkulima wa hapa anaijua fosfeti hata kama hajui jina lake: ndiyo iliyomo kwenye mbolea ya kupandia, DAP. Sisi tunayo yetu Minjingu, hapo chini njia ya Babati. Bila fosfeti mahindi hayatengenezi mizizi ya maana. Moroko ndiyo yenye akiba kubwa kuliko nchi yoyote duniani, na nyingi iko ndani ya Moroko yenyewe. Bou Craa ni sehemu ndogo ya uzalishaji wake. Wanaosema vita yote ni ya fosfeti wanarahisisha mambo. Lakini waulizeni wenye meli.

Mei 2017 meli iitwayo Cherry Blossom, imebeba tani zaidi ya 50,000 za fosfeti ya Bou Craa kwenda New Zealand, ilitia nanga Port Elizabeth, Afrika Kusini, ijaze mafuta tu iendelee na safari. Wasahrawi wakakimbilia mahakamani: mzigo huu ni wetu, hatukuuza. Mahakama ikaizuia meli. Mwezi unapita, mwingine unapita, meli imekaa. Februari 2018 mahakama ikaamua mzigo ni mali ya Jamhuri ya Sahara. Ukapelekwa mnadani. Nani atanunua mzigo wenye kesi? Mwishowe mwenye meli akauchukua kwa dola moja ili apate meli yake. Ushindi huo haukuwapa pesa. Lakini baada ya hapo meli za Bou Craa zikaanza kuikwepa Rasi ya Tumaini Jema.

Samaki na mboga ndizo zenye kesi ndefu zaidi. Dakhla, kwenye ule ulimi wa ardhi ulioingia baharini, kuna viwanda vya pweza na sadini, na siku hizi mashamba ya nyanya na matikiti chini ya mahema ya plastiki, yakinyweshwa maji yachimbwayo chini sana. Mzigo unapanda malori kuelekea Ulaya. Mwaka 2002 mwanasheria mkuu wa Umoja wa Mataifa, Hans Corell, aliandika kwamba kuchimba mali ya pale bila kujali maslahi na matakwa ya watu wake ni kuvunja sheria. Polisario wakaibeba hoja hiyo mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 mahakama ikasema Sahara Magharibi ni eneo tofauti na Moroko, mikataba ya Ulaya na Moroko haiwezi kulihusisha bila ridhaa ya watu wake.

Ulaya ikafanya nini? Ikaenda kufanya mashauriano. Na nani? Na wakazi, mabaraza, wafanyabiashara, walioko upande wa Moroko. Ikarudi ikasema, tumeuliza! Jamani. Mtu anataka kununua shamba la mzee Lema, anakwenda kumuuliza mpangaji. Tarehe 4 Oktoba 2024 mahakama ikafuta makubaliano hayo: wakazi wa sasa, ambao wengi wamehamia kutoka Moroko, si sawa na watu wenye haki ya kujiamulia, ambao wengi wako ukimbizini. Siku hiyo pia, kwenye kesi ya chama cha wakulima wa Ufaransa, ikaamua matikiti na nyanya za kule ziandikwe zimetoka Sahara Magharibi, siyo Moroko. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2025, Ulaya na Moroko wakakubaliana kwamba lebo itaje majina ya mikoa kwa mpangilio wa Moroko. Kwa hiyo kwenye boksi la nyanya hutasoma Moroko wala Sahara Magharibi. Wanasheria ni watu wa ajabu.

Na sisi je? Kwani haya yanatuhusu? Mwaka 1964 Cairo, Mwalimu Nyerere ndiye aliyepeleka hoja kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru. Mliosoma historia mnawakumbuka waliokataa: Somalia na Moroko. Novemba 1978, wakati Idi Amin amekalia Kagera, Tanzania ikaitambua Jamhuri ya Sahara. Pimeni wenyewe kwa nini wakati ule. Novemba 1984 Addis Ababa, ujumbe wa Sahara ukakaa kwenye kiti chake katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Moroko ikainuka ikaondoka, Zaire ya Mobutu ikasusia kuiunga mkono, na mwenyekiti aliyechaguliwa kwenye mkutano huohuo ni Mwalimu.

Halafu dunia ikageuka. Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI alikuja Dar es Salaam, mikataba ikasainiwa, na msikiti mkubwa wenye jina lake uko Kinondoni, makao makuu ya BAKWATA, baraza kuu la Waislamu Tanzania. Ukipita utauona, ni mzuri. Januari 2017 Moroko ikarudi Umoja wa Afrika, na sasa wanakaa ukumbi mmoja na Sahara. Wenzetu Kenya walitupa burudani Septemba 2022: Rais wa Sahara alihudhuria kuapishwa kwa Ruto, kesho yake Ruto akaandika mtandaoni kwamba Kenya imefuta kuitambua nchi hiyo, kisha ujumbe ukafutwa, wizara ikasema msimamo ni uleule. Mei 2025 Kenya ikaunga mkono mpango wa Moroko, ule wa mamlaka ya ndani.

Na hapa Arusha, hapa hapa, tarehe 22 Septemba 2022 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu kwenye kesi ya Mghana Bernard Mornah dhidi ya nchi nane, Tanzania ikiwemo. Alisema zilikosea kuiachia Moroko irudi Umoja wa Afrika bila kujali Wasahrawi, ambao nchi yao imekaliwa. Mahakama haikuzitia hatiani. Lakini ikasema kuendelea kuikalia Sahara Magharibi hakupatani na haki ya watu wake kujiamulia, na kwamba nchi zote za Afrika zina wajibu wa kutafuta suluhisho. Wangapi humu mlisikia habari hiyo wakati ule? Mikono? Mmoja. Wawili.

Kuhusu hali ya sasa nitakwenda haraka. Novemba 2020 usitishaji vita ulivunjika baada ya mvutano kwenye kivuko cha Guerguerat, kule mpakani mwa Mauritania. Desemba Trump akatambua mamlaka ya Moroko. Hispania ikauunga mkono mpango wa Moroko 2022, Ufaransa 2024, Uingereza 2025. Tarehe 31 Oktoba 2025 Baraza la Usalama, kwa kura 11, likapitisha azimio namba 2797 linaloufanya mpango huo kuwa msingi wa mazungumzo. Urusi, China na Pakistan hazikupiga upande wowote. Aljeria haikushiriki kura. Azimio linataja bado haki ya kujiamulia. Limetaja namna watu watakavyoulizwa? Hapana.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni wakati tunaingia: mwalimu, mtu anaweza kwenda kuona? Anaweza, kwa njia mbili. Ya kwanza ni Casablanca, upande ndege ya El Aaiún au Dakhla, muhuri wa Moroko kwenye pasipoti. Dakhla utakuta hata Wazungu wanacheza na upepo majini. Ya pili ni Algiers, kisha Tindouf, upokelewe na Polisario kambini. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwa kukatiza huwezi, ukuta na mabomu vimekaa katikati. Kuanzia 2004 Umoja wa Mataifa uliwapeleka watu kwa ndege watembelee ndugu zao wa upande wa pili, siku chache wanarudi, na kulikuwa na foleni ndefu ya majina. Mwaka 2014 safari hizo zikasimamishwa. Waliokuwa kwenye foleni wanatumia simu.

Karibuni kwa maswali. Aanze yule dada aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja matikiti.